Msongo wa Chumba cha Dharura Si Mzigo wa Daktari Peke Yake

Asubuhi ya Agosti 10, 2019, lori la mafuta lilipinduka eneo la Msamvu, mjini Morogoro. Watu walikimbilia kuchota petroli iliyomwagika, na moto ukalipuka. Makumi walifia papo hapo. Walioungua walikimbizwa Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, na wengi wakahamishiwa Muhimbili, Dar es Salaam. Siku baada ya siku taarifa za habari zilimtaja majeruhi mwingine aliyefariki, hadi idadi ya marehemu ikapita 100. Taifa liliomboleza, na lilistahili kuomboleza. Lakini walikuwapo pia madaktari na wauguzi waliowapokea majeruhi hao, wakawasafisha vidonda, wakawaongezea maji, wakazungumza na ndugu zao, kisha wakawafunika mmoja baada ya mwingine. Watu wa namna hiyo ni nadra kuulizwa wamelala vipi.

Daktari anayeshinda katikati ya dharura anastahimili vipi? Jibu lililozoeleka hospitalini ni moyo mgumu. Kijana aliyetetemeka mikono mara yake ya kwanza huambiwa na waliomtangulia kwamba atazoea. Wapo wanaozoea kweli. Wapo pia wanaoacha kazi, wanaougua kimyakimya, na wanaobaki kazini huku huruma imewakauka. Tafiti za nusu karne iliyopita zinaonyesha kwamba ujasiri wa mtu mmoja hufika mahali ukakoma. Sehemu kubwa ya msongo huu hutokana na namna kazi ilivyopangwa, vifaa vilivyopo, saa za zamu na yale yanayofanyika mgonjwa akishafariki. Yote hayo yanaweza kurekebishwa.

Dakika zenyewe

Mgonjwa akiingizwa hajitambui, mwili wa daktari nao hubadilika. Tezi zilizo juu ya figo humwaga adrenalini, moyo huenda mbio, misuli hukaza. Kwa kiasi chake hali hii ni msaada, kwa sababu akili huamka na usingizi wa saa 9 usiku hutoweka. Mwaka 1908 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Robert Yerkes na John Dodson, waliwafanyia panya majaribio yaliyoonyesha kwamba msisimko huongeza uwezo wa kujifunza hadi kiwango fulani. Ukizidi hapo, na kazi ikiwa ngumu, uwezo huporomoka. Kwa daktari, kuporomoka huko huonekana kwenye vidole vinavyoshindwa kupata mshipa wa mtoto aliyeishiwa maji, kwenye macho yanayoganda juu ya jambo moja, na kwenye dakika zinazopita bila mtu kuziona.

Kisa kinachofundishwa sana kuhusu jambo hili kilitokea Uingereza. Machi 29, 2005, Elaine Bromiley, mama wa miaka 37, alikwenda kufanyiwa upasuaji mdogo wa pua. Baada ya kulazwa usingizi, njia yake ya hewa ilikataa kufunguka. Madaktari wazoefu walikusanyika na kujaribu tena na tena kupitisha mrija kooni, kwa zaidi ya dakika 20, huku oksijeni mwilini mwake ikiwa chini mno. Muuguzi mmoja alileta vifaa vya kutoboa koo na kuwaambia viko tayari. Mwingine aliomba kitanda cha wagonjwa mahututi. Wauguzi walikuwa wameelewa kinachohitajika, ila sauti zao hazikuwafikia waliokuwa wameinama juu ya mgonjwa. Bi. Bromiley alifariki siku 13 baadaye. Mumewe, Martin, ambaye ni rubani, alishangaa kwamba hospitalini hakukuwa na mazoea ya kuchunguza makosa kama yanavyochunguzwa kwenye ndege, na mwaka 2007 akaanzisha chombo cha kufundisha jambo hilo kwa watumishi wa afya.

Madaktari wale hawakukosa elimu. Hofu iliwafinyia macho, na ngazi za vyeo zikawaziba masikio. Kwa Afrika Mashariki somo hili lina uzito wa pekee. Muuguzi kijana aliyelelewa kumwamkia mkubwa na kutobishana naye mbele ya watu atawezaje kumwambia daktari bingwa kwamba amekwama? Akiachiwa aamue mwenyewe usiku ule, wengi watanyamaza. Ruhusa ya kusema inapaswa kuwa imetolewa mapema, na mkubwa mwenyewe, mbele ya wote.

Ndiyo maana timu zilizofunzwa vizuri hufanya kazi kwa utaratibu unaofanana. Kiongozi husimama miguuni pa kitanda, na mikono yake haimgusi mgonjwa, ili macho yake yaone kila kitu. Mmoja anashughulika na njia ya hewa, mwingine anakandamiza kifua mara 100 hadi 120 kwa dakika, wa tatu anatoa dawa, wa nne anaandika saa. Kila baada ya dakika 2 anayekandamiza hupokewa, kwa kuwa uchovu hupunguza kina cha mkandamizo kabla mwenyewe hajahisi. Agizo hutajwa kwa jina la mtu, naye hulirudia kwa sauti: "Adrenalini miligramu 1, nimempa, saa 8 na dakika 12." Halafu kiongozi anauliza wote: "Kuna kitu tumesahau?" Swali hilo ndilo linalomfungulia mlango muuguzi kijana.

Daktari naye ana la kufanya ndani ya nafsi yake. Mwaka 2017 Michael Lauria na wenzake, katika jarida la madaktari wa dharura la Marekani, walikusanya mbinu zinazotumiwa na wanajeshi na wanamichezo: kuvuta pumzi taratibu, kujisemesha maneno ya kujituliza, kuiona kazi akilini hatua kwa hatua kabla ya kuigusa, na kuwa na neno moja la kurudisha umakini. Hizo ni mbinu za sekunde chache na hazihitaji fedha. Hata hivyo, mtu asiyezifanyia mazoezi siku za utulivu hatazikumbuka siku ya kishindo.

Mazoezi ya mara kwa mara

Tanzania ina ushahidi wake, na umetoka mbali na miji mikubwa. Hospitali ya Haydom, mkoani Manyara, mwaka 2010 iliwafundisha wakunga na watumishi wengine kumsaidia mtoto mchanga asiyepumua, kwa mafunzo ya siku moja. Kwenye mwanasesere walifanya vizuri. Katika chumba cha kujifungulia mambo hayakubadilika. Mtoto wa kweli aliyezaliwa kimya, mama akiuliza kwa nini halii, si sawa na mwanasesere juu ya meza ya semina.

Baadaye hospitali ilianza mazoezi mafupi ya mara kwa mara, palepale wodini, ya dakika chache tu. Mkunga akiingia zamu huchukua mfuko wa kupumulishia na barakoa yake, hufanya zoezi, kisha huendelea na kazi. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2015 yalionyesha kuwa vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vilishuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila watoto 1,000 waliozaliwa. Mikono iliyokwisha kulifanya jambo mara nyingi hailisubiri kichwa kitulie.

Orodha ya ukaguzi nayo hufanya kazi hiyohiyo ya kuibebea akili sehemu ya mzigo. Hospitali ya Mtakatifu Fransisko, Ifakara, ilikuwa miongoni mwa hospitali 8 duniani zilizojaribu orodha ya usalama wa upasuaji ya Shirika la Afya Duniani, WHO. Matokeo yalichapishwa Januari 2009: vifo baada ya upasuaji katika hospitali hizo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Miongoni mwa hatua zake ni kila aliyemo chumbani kutaja jina na kazi yake kabla ya kisu kugusa ngozi. Aliyekwisha kusikika mara moja huwa mwepesi kusema mara ya pili.

Mfano wa karibuni zaidi unahusu kutokwa damu baada ya kujifungua. Utafiti uliochapishwa mwaka 2023, uliofanyika katika hospitali 80 za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini na kuhusisha zaidi ya wanawake 200,000, ulitumia shuka la plastiki lenye vipimo linalowekwa chini ya mama ili damu ipimwe badala ya kukadiriwa kwa macho. Damu ikifika kiwango kilichowekwa, hatua zote za matibabu zinaanza kwa pamoja bila kusubiriana. Hatari ya kutokwa damu kupindukia, kupasuliwa kwa sababu ya damu hiyo au kufa ilipungua kwa asilimia 60. Kwa daktari na mkunga, shuka lile linaondoa kile kipindi cha kusitasita na kujiuliza kama damu hii ni ya kawaida au la.

Kujua tiba na kukosa tiba

Upo msongo ambao mazoezi hayauponyi. Mwanafalsafa wa Marekani Andrew Jameton aliueleza mwaka 1984 alipoandika kuhusu wauguzi: ni maumivu ya mtu anayejua lililo sahihi, lakini mazingira yanamzuia kulitenda.

Katika hospitali ya wilaya, hali yake huwa hivi. Ni usiku, daktari wa zamu ni mmoja. Mama anavuja damu, kondo la nyuma limekataa kutoka. Daktari anajua kila hatua. Kwenye jokofu la benki ya damu hakuna chupa ya kundi la mama huyo. Ndugu wanaamshwa wapimwe. Wawili wana kundi tofauti, wa tatu damu yake ni pungufu. Mtaalamu wa usingizi yuko nyumbani kwake na anapigiwa simu. Wakati huohuo wodi ya watoto wanamwita daktari huyohuyo. Mama yule akifa, watakaoambiwa ni ndugu, na atakayewaambia ni yeye. Mtu huyu hahitaji semina ya kuvuta pumzi. Anahitaji damu na daktari wa pili.

Mwaka 2006 WHO iliweka kizingiti cha madaktari, wauguzi na wakunga 2.28 kwa kila watu 1,000 kama kiwango cha chini cha huduma za msingi, na mwaka 2016 makadirio mapya yakapandisha kiwango hicho hadi 4.45. Nchi nyingi za Kiafrika ziko chini ya viwango hivyo. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, ibara ya 43, inasema hakuna mtu atakayenyimwa matibabu ya dharura. Ni ibara njema, ila utekelezaji wake humwangukia daktari wa zamu, kwa kuwa yeye ndiye anayekutana uso kwa uso na mgonjwa asiye na hela na stoo isiyo na dawa.

Mahali penye uwekezaji, tofauti imeonekana. Januari 2010 Muhimbili ilifungua idara ya tiba ya dharura iliyokamilika, ya kwanza katika hospitali ya umma nchini Tanzania, na mwaka huohuo Chuo Kikuu cha Muhimbili kikaanza kusomesha madaktari bingwa wa fani hiyo. Idara ya namna hii huwapanga wagonjwa kwa uzito wa hali zao. Mpangilio unaotumika sana Afrika, ulioanzia Afrika Kusini, hutumia rangi: wa nyekundu hasubiri, wa njano anaweza kusubiri kidogo, wa kijani zaidi. Mapigo ya moyo, upumuaji na kiwango cha fahamu ndivyo vinavyoamua nani atangulie, na si kelele za ndugu au cheo cha mtu. Daktari anaondolewa deni la kujiuliza usiku kucha kama alimwacha wa kwanza akamfuata wa pili. Vivyo hivyo mfumo wa m-mama wa Tanzania, unaowasafirisha wajawazito na watoto wachanga wenye dharura kwa kupiga simu ya bure namba 115, hupunguza idadi ya wanaofika wakiwa wamechelewa kupita kiasi.

Halafu kuna hofu ya daktari kwa uhai wake mwenyewe. Ebola ilipoingia Gulu, Uganda, mwaka 2000, Dk. Matthew Lukwiya wa Hospitali ya Lacor aliongoza mapambano na kubaki na watumishi wake waliokuwa wakifa. Alifariki kwa ugonjwa huohuo Desemba 5 mwaka huo. Aprili 2019, Dk. Richard Mouzoko, raia wa Kameruni aliyetumwa na WHO kupambana na Ebola, aliuawa kwa risasi hospitalini Butembo, mashariki mwa Kongo. Na WHO inakadiria kuwa kati ya watumishi wa afya 80,000 na 180,000 duniani walifariki kwa UVIKO-19 kuanzia Januari 2020 hadi Mei 2021. Kuwaambia watu hawa wawe na moyo mgumu, bila glavu, barakoa na ulinzi, ni kuwaonea.

Saa za zamu

Machi 1984, msichana wa miaka 18 aitwaye Libby Zion alifariki katika hospitali moja ya New York akiwa chini ya uangalizi wa madaktari waliokuwa mafunzoni na waliokuwa kazini kwa saa nyingi mfululizo. Baba yake alipigania mabadiliko, na mwaka 1989 jimbo la New York likaweka ukomo wa saa 80 kwa wiki kwa madaktari wa aina hiyo. Sayansi imeunga mkono hoja yake. Watafiti wa Australia walionyesha mwaka 1997 kwamba mtu aliyekesha saa 24 huwa na utendaji kama wa mtu mwenye kiwango cha pombe cha asilimia 0.10 kwenye damu, kiasi cha kumnyima haki ya kuendesha gari. Utafiti wa mwaka 2004 uliofanyika Boston uligundua kuwa madaktari wa mafunzo kwa vitendo waliofuata ratiba ya zamani ya zamu ndefu walifanya makosa makubwa takriban asilimia 36 zaidi ya walipopewa zamu fupi.

Wapo wanaosema zamu fupi huongeza makabidhiano, na taarifa hupotea kila daktari anapompokea mwenzake. Hofu hiyo ni ya kweli. Hata hivyo, utafiti wa hospitali 9 za watoto za Marekani na Kanada, uliochapishwa mwaka 2014, ulionyesha kuwa makabidhiano yakifuata mpangilio mmoja, hali ya mgonjwa ikitajwa kwanza na anayepokea akirudia alichosikia, makosa ya kitabibu hupungua kwa asilimia 23. Ugumu mkubwa zaidi kwetu ni kwamba daktari akienda kulala, mara nyingi hakuna wa kumpokea. Kenya imeliona hilo kwa gharama kubwa. Mgomo wa madaktari ulioanza Desemba 5, 2016 uliendelea kwa siku 100, na wa mwaka 2024 ukachukua siku 56. Mishahara ilitajwa sana kwenye vyombo vya habari. Nyuma yake palikuwa pia na madai ya madaktari zaidi na mazingira bora ya kazi. Mgonjwa aliyekosa huduma siku hizo alilipa bei ya makubaliano ya serikali na madaktari yasiyotekelezwa.

Baada ya shuka kuvutwa

Mwaka 2000 Albert Wu, daktari wa Marekani, aliandika kwamba kosa la tiba lina waathirika wawili: wa kwanza ni mgonjwa na familia yake, wa pili ni mtumishi aliyelitenda. Huyo wa pili hurudia tukio kichwani, hujitilia shaka mbele ya mgonjwa anayefuata, na mara nyingi hana wa kumwambia, maana kwenye kikao cha vifo cha asubuhi swali la kwanza huwa ni nani aliyekuwa zamu.

Msaada wa aina gani unafaa? Hapa nia njema haitoshi. Kwa miaka mingi iliaminika kwamba watu walioshuhudia janga wakusanywe haraka na kila mmoja alazimishwe kusimulia alivyohisi. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2002 yalikuta kwamba kikao kimoja cha namna hiyo hakizuii madhara ya kiakili ya baadaye, na huenda kikawazidishia baadhi yao. Kinachopendekezwa sasa ni chepesi zaidi: dakika chache za kuzungumzia kazi yenyewe, nini kilikwenda vizuri na nini kibadilishwe, kuhakikisha mtu amekula, amepumzika na hayuko peke yake, kisha kumfuatilia, na anayezidiwa kumfikisha kwa mtaalamu. Jonathan Bartels, muuguzi wa idara ya dharura huko Virginia, alianzisha desturi ya timu nzima kusimama kimya kwa chini ya dakika moja mgonjwa akifariki, kumheshimu marehemu na kutambua juhudi zilizofanyika, kabla ya kwenda kitanda kinachofuata. Kwa watu wetu, ambao msiba hauachwi upite bila heshima, desturi hiyo haihitaji kutafutiwa ruhusa mbali.

Mzigo usipotuliwa hukaa. Herbert Freudenberger, mwanasaikolojia wa New York, aliandika mwaka 1974 kuhusu kuishiwa nguvu kwa wanaohudumia wengine. Mwaka 1981 Christina Maslach na Susan Jackson walichapisha kipimo chake chenye sura tatu: kuchoka kihisia, kumwona mgonjwa kama kitu, na kuhisi kuwa hutimizi lolote kazini. Mwaka 2019 WHO ililitambua tatizo hili kuwa linatokana na msongo wa kazini usiodhibitiwa. Chanzo kimetajwa kuwa kazi, wala si udhaifu wa mfanyakazi.

Mganga hajigangi, wahenga walisema, na madaktari wamekuwa wagumu wa kutafuta msaada. Wengi huogopa kwamba faili lao likiandikwa sonona, leseni au heshima itapotea. Dk. Lorna Breen, aliyeongoza idara ya dharura katika hospitali ya New York wakati wa wimbi la kwanza la UVIKO-19, alijiua Aprili 26, 2020. Familia yake ilisema aliogopa kwamba kutafuta tiba ya akili kungemgharimu kazi. Machi 2022 Marekani ilipitisha sheria yenye jina lake, ya kugharamia programu za kulinda afya ya akili ya watumishi wa afya. Katika mji mdogo wa Afrika Mashariki, ambako mtaalamu wa akili, kama yupo, ni mfanyakazi mwenzake, daktari anahitaji zaidi hakikisho la siri: mtu wa kumpigia simu nje ya hospitali yake, na mkuu wa kazi asiyeuliza kwa nini.

Ukiyapima yote haya, hukumu iko wazi. Mbinu za daktari mwenyewe ni za kweli na afundishwe tangu chuoni, lakini ni sehemu ndogo. Mganga mfawidhi anaweza kuanza wiki hii, bila bajeti mpya, kwa mazoezi ya dakika 10, kwa majina na majukumu kuandikwa ubaoni kila zamu, na kwa kumpa ruhusa kila muuguzi kusema. Serikali ndiyo inayodaiwa waajiriwa, dawa na ukomo wa saa za kazi, na deni hilo halilipwi kwa kuwasifu madaktari kuwa ni mashujaa.

Mwananchi naye ana sehemu yake, na haihitaji shahada. Mtu mzima mwenye afya na uzito wa kilo 50 au zaidi anaweza kuchangia damu. Mwanaume kila baada ya miezi 3, mwanamke kila baada ya miezi 4. Msomaji aliye na sifa hizo aende kituo cha damu salama kilicho karibu naye kabla ndugu yake hajahitaji, ili daktari wa zamu akifungua jokofu usiku aikute damu.